Kwa nini treni ya chini ya ardhi ya London inafika mashambani

Msomaji mmoja anayekaa kwa kaka yake kaskazini magharibi mwa London ameniandikia: "Mwalimu, jioni moja nilipanda treni ya laini ya Metropolitan pale Baker Street, naenda Wembley Park. Ikapita Wembley Park mbio bila kusimama, nikajikuta Harrow. Kesho yake nikaitazama ramani vizuri, nikaona laini hiyohiyo inaendelea mpaka Amersham na Chesham, kwenye malisho ya ng'ombe. Hii ni treni ya mjini au ya mikoani? Nani aliichora hivi, na alikuwa anawaza nini?"

Pole na safari ya Harrow, ndugu yangu. Si wewe wa kwanza, na kwa ratiba ilivyo hutakuwa wa mwisho. Kwa kifupi, aliyeisukuma laini hii mpaka huko hakuwa anawaza ng'ombe, wala hakuwa anawaza vitongoji. Alikuwa anawaza Manchester upande mmoja na Paris upande wa pili. Vitongoji vimekuja baadaye, reli ikiwa imeshatandikwa na kampuni inatafuta abiria wa kuipanda. Lakini kisa chenyewe ni kitamu kuliko jibu hilo, kwa hiyo vumilia.

Ilianza ndogo sana. Tarehe 10 Januari 1863 kampuni ya Metropolitan Railway ilifungua kipande cha kilomita 6 hivi kati ya Paddington na Farringdon, reli ya kwanza duniani ya kubeba abiria wa mjini chini ya barabara. Stesheni kubwa za Paddington, Euston na King's Cross zilikuwa zimejengwa pembeni mwa mji, na abiria aliyeshuka hapo alibaki kugombania magari ya farasi katika barabara zilizofurika. Mhandisi John Fowler hakutoboa handaki refu chini kabisa kama tunavyolifikiria leo. Alipasua barabara, akachimba mtaro, akajenga kuta na tao la matofali, kisha akairudisha barabara juu yake. Ndiyo maana sehemu hiyo inafuata Marylebone Road na Euston Road karibu hatua kwa hatua. Mabehewa yalikuwa ya mbao yenye taa za gesi, na kichwa cha treni kilikuwa cha mvuke, humo humo handakini. Siku ya kwanza walipanda watu wapatao 38,000, moshi au si moshi. Ukiwa Baker Street tena, teremka majukwaa ya 5 na 6: yale matao ya matofali ni ya mwaka huohuo.

Aliyeipigania reli hii kwa miaka mingi, Charles Pearson, mwanasheria wa serikali ya City, yaani kitovu cha kale cha London, hakuiona. Alifariki Septemba 1862. Hoja yake ilikuwa kwamba maskini waliobanana katikati ya mji wangeweza kuhamia nje penye hewa, wakaja kazini kwa treni ya nauli ndogo. Liweke akilini hilo, tutalirudia.

Laini yako wewe, ile ya kwenda Harrow, ilizaliwa kama kitu kidogo kando ya hicho. Mwaka 1868 kulifunguliwa tawi la njia moja tu kutoka Baker Street hadi Swiss Cottage, likimilikiwa kwenye karatasi na kampuni ndogo ya St John's Wood. Walitarajia kufika Hampstead, fedha zikawaishia. Kwa miaka kumi hivi tawi hilo lilikaa pale kama mkono uliokatwa kiganja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kulitazama mara mbili.

Aliyelitazama ni Edward Watkin, mzaliwa wa Salford, jirani ya Manchester. Alichukua uenyekiti wa Metropolitan mwaka 1872, na wakati huo alikuwa tayari mwenyekiti wa reli ya Manchester, Sheffield na Lincolnshire kule kaskazini, na pia wa South Eastern, inayokwenda pwani ya Dover. Chukua ramani ya Uingereza uziweke kampuni hizo tatu mahali pake. Ya kaskazini ina Manchester lakini haina mlango wa kuingilia London. Ya kusini ina bandari inayotazama Ufaransa. Metropolitan iko katikati, ina handaki chini ya jiji lenyewe. Watkin aliona treni moja ikitoka Manchester, ikapita London bila abiria kushuka, ikaenda Dover, ikapenya chini ya bahari, ikatokea Ufaransa. Na hakuishia kuota: mwanzoni mwa miaka ya 1880 wachimbaji wake walikwisha toboa zaidi ya kilomita moja karibu na Dover kabla serikali haijawasimamisha mwaka 1882, majenerali wakihofia kwamba adui angeingia nchini kwa miguu.

Kwa mtu wa namna hiyo, lile tawi la Swiss Cottage lilikuwa kichwa cha mshale. Likasogezwa mpaka Willesden Green mwaka 1879, Harrow 1880, Pinner 1885, Rickmansworth 1887, Chesham 1889. Mwaka 1892 likapita Amersham na kufika Aylesbury. Hapo kampuni ilikuwa imekwisha nunua reli nyingine ndogo iliyotoka Aylesbury mpaka Verney Junction, makutano yaliyopewa jina la mwenye ardhi, Sir Harry Verney, kwa kuwa hapakuwa na kijiji cha kukopesha jina. Kutoka Baker Street mpaka pale ni kilomita 80 na ushee. Kampuni iliyoanza kwa kuunganisha stesheni za mjini sasa ilikuwa na jukwaa katikati ya mashamba ya Buckinghamshire.

Hata Chesham, ambayo leo inaonekana kama mwisho wa kijitawi kidogo, haikukusudiwa kuwa mwisho. Watkin alitaka kuendelea hadi Tring akaungane na reli kubwa ya London na Kaskazini Magharibi. Alipobadili mawazo na kupitia Aylesbury, Chesham ikaachwa ilipo. Ukitazama ramani utaona mitaji ya watu imezikwa kwenye kila tawi la namna hiyo.

Wembley Park unayoitafuta nayo imetokana na huyuhuyu bwana. Alinunua eneo pale akaamua kujenga mnara mrefu kuliko wa Eiffel, ili watu wa London wapate sababu ya kupanda treni yake siku za mapumziko. Bustani ikafunguliwa 1894, kituo kikajengwa kuihudumia. Mnara ulifika ghorofa ya kwanza, udongo ukaanza kuzama chini ya miguu yake, fedha zikakauka, na watu wakaubatiza jina la upumbavu wa Watkin. Ukabomolewa na kumalizika mwaka 1907. Mahali palepale ndipo ulipojengwa uwanja wa Wembley, uliofunguliwa 1923, na mwaka uliofuata yakafanyika hapo Maonyesho ya Dola ya Uingereza. Kila mshabiki anayeshuka hapo siku ya fainali anatembea kuelekea msingi wa mnara usiokuwapo. Mimi huwa nasita kumcheka Watkin: mnara ulishindikana, lakini kituo kimebaki na watu bado wanashuka.

Alistaafu 1894 kwa maradhi. Kampuni yake ya kaskazini ilijibadili jina kuwa Great Central, ikafika London mwaka 1899 na kufungua stesheni ya Marylebone, ikitumia njia za Metropolitan kwa sehemu kubwa ya safari yake ya mwisho kuingia mjini. Alipokuwapo yeye, kampuni hizo mbili zilikuwa kama mkono wa kulia na wa kushoto. Alipoondoka, warithi wake wakagombana kwa ushuru wa njia na kwa nani apishe nani. Great Central ikajitafutia mlango mwingine kupitia High Wycombe, na mwaka 1906 ikaundwa kamati ya pamoja ya kusimamia reli kuanzia Harrow kwenda kaskazini. Treni za Manchester zilikuja kweli, lakini zikaishia Marylebone. Hazikupita handakini, na Paris haikuonekana.

Kwa hiyo karne ya 20 ilipoanza, Metropolitan ilibaki na reli ndefu kupindukia, imejengwa imara kama reli ya mikoani, inapita nchi isiyo na watu. Kuna mambo mawili yaliyoiokoa. La kwanza ni umeme, na hilo nitalipitia haraka. Moshi wa handakini ulikuwa umewachosha abiria. Kampuni ya District, iliyokuwa ikishirikiana na Metropolitan katika mzunguko wa ndani na kugombana nayo kila mahali pengine, ilikuwa mikononi mwa Mmarekani Charles Yerkes. Metropolitan walitaka mfumo wa umeme wa kampuni ya Ganz ya Hungary, Yerkes akataka umeme wa mkondo mnyoofu (DC), shauri likaenda kwa wasuluhishi, Yerkes akashinda. Metropolitan ikajenga kituo chake cha umeme Neasden, na tarehe 1 Januari 1905 treni za umeme zikaanza kati ya Baker Street na Uxbridge, tawi lililokuwa limefunguliwa mwaka mmoja tu nyuma. Treni za mbali zilivutwa na kichwa cha umeme mjini, kisha kikafunguliwa na kufungwa cha mvuke: mwanzo Wembley Park, baadaye Harrow, na kuanzia 1925 Rickmansworth. Vichwa vya umeme vya miaka ya 1920 vilipewa majina ya watu mashuhuri wa upande ule wa mji. Kimoja kiliitwa Sherlock Holmes, mpelelezi ambaye hakuwahi kuzaliwa lakini anwani yake ya Baker Street inajulikana na kila mtu.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa ndipo jibu la swali lako lilipo hasa.

Sheria ya Uingereza kwa kawaida iliilazimisha kampuni ya reli kuuza ardhi yoyote iliyobaki baada ya kujenga. Bunge halikutaka reli ziwe madalali wa viwanja. Metropolitan ilikuwa imepata vipengele vya sheria vilivyoiruhusu kushika ardhi ya ziada, jambo ambalo kampuni nyingine hazikulipata kwa kiasi hicho, na mwaka 1887 ikaunda kamati maalumu ya kusimamia ardhi hizo. Mwanzoni ilikuwa biashara ya pembeni. Kisha mwaka 1908 akaja meneja mkuu Robert Selbie, na huyu kwa maoni yangu ndiye baba wa laini unayoipanda wewe, kuliko hata Watkin. Watkin alitaka abiria wa kuvuka nchi. Selbie alikaa akapiga hesabu akaona kwamba mtu akinunua nyumba kando ya reli, amenunua na tiketi ya kwenda kazini kila siku mpaka astaafu.

Mwaka 1915 ofisi yake ya matangazo ikabuni jina "Metro-land", likawa jina la kijitabu kilichotolewa kila mwaka hadi 1932: picha za vijia vya mashambani, maua na ukumbi wa chai, na kurasa za nyuma zenye viwanja vinavyouzwa. Mwaka 1919 ikaundwa kampuni dada ya kununua mashamba na kuyagawa viwanja. Wembley Park, Pinner, Rickmansworth, Rayners Lane, kote huko zikasimama safu za nyumba zenye mbao nyeusi zilizopachikwa ukutani kuiga enzi za wafalme wa Tudor, kila moja na kibustani mbele na kibustani nyuma. Kwa wenye uwezo zaidi palikuwa na mabehewa mawili ya kifahari ya Pullman tangu 1910, ambamo mfanyabiashara wa City alikunywa chai akielekea kazini na kula chakula cha usiku akirudi. Juu ya kituo cha Baker Street kampuni ikajenga jumba la fleti la Chiltern Court, lililofunguliwa 1929. Waandishi H. G. Wells na Arnold Bennett waliwahi kupanga humo.

Mrudie Pearson sasa. Alitaka maskini watoke mjini. Waliotoka ni makarani, walimu na mameneja, watu wenye mshahara wa uhakika wa kukopea nyumba. Ni kweli Metropolitan ilianza kuuza tiketi nafuu za vibarua tangu 1864, lakini Metro-land haikutangazwa kwao. Reli iliwahamisha watu kama alivyotabiri. Ikachagua watu wengine.

Matawi mengine ya ramani yako ni ya msimu huo wa viwanja. La Watford lilifunguliwa Novemba 1925, na ukishuka hapo utashangaa mbona mji hauuoni. Kampuni ilitaka kufika katikati ya mji, bustani ya Cassiobury ikawa kizuizi, kituo kikabaki ukingoni. Walikwisha nunua hadi jengo la stesheni kwenye barabara kuu ya Watford, ambalo halikuona treni na baadaye likageuka baa. Karne moja karibu baadaye ukaletwa mpango wa kulipeleka tawi hilo kwa kona mpaka stesheni kubwa ya Watford Junction. Kazi ikaanza, gharama zikapanda, ikasimamishwa. Tawi la Stanmore lilifunguliwa Desemba 1932, ukiwa mradi wa mwisho wa kampuni ikiwa huru.

Tarehe 1 Julai 1933 Metropolitan ilimezwa na bodi mpya ya usafiri wa London pamoja na laini nyingine karibu zote, kwa manung'uniko makubwa, maana wao hawakujiona treni ya mjini hata kidogo. Bodi mpya haikuwa na subira na mashamba. Kijitawi cha Brill, kilichoanza kama reli ya shamba la Duke wa Buckingham, kilifungwa 1935, na mwaka uliofuata abiria wa Verney Junction wakakatiwa huduma. Mabehewa ya Pullman yaliondolewa vita ilipoanza 1939.

Mwaka huohuo bodi ilitatua tatizo lililoachwa na lile tawi changa la 1868. Kutoka Finchley Road kuingia Baker Street handaki lilikuwa na njia mbili tu, na treni za Amersham, Uxbridge, Watford na Stanmore zote zilijibana humo. Dawa ikawa mahandaki mapya ya laini ya Bakerloo, yaliyochimbwa chini zaidi, ambayo yalichukua vituo vidogo vya njiani pamoja na tawi zima la Stanmore. Tangu 1979 kipande hicho ni sehemu ya laini ya Jubilee. Zile njia mbili za zamani zikabaki kwa Metropolitan, ambayo sasa haina pa kusimama kati ya Baker Street na Finchley Road.

Kazi kubwa ya mwisho ilifanyika baada ya vita. Umeme ulifika Amersham na Chesham mwaka 1960, treni ya mwisho ya abiria kuvutwa na mvuke ikapita Septemba 1961, na Aylesbury ikaachiwa reli ya taifa. Kati ya Harrow na Moor Park zikatandikwa njia nne, mbili za treni zinazosimama kila kituo na mbili za zile za haraka. Yakaja mabehewa mapya yaliyodumu mpaka Septemba 2012, yenye viti vya kukaa kama treni ya safari ndefu, na wazee wa Amersham mpaka leo wanayalilia. Treni za sasa, zilizoanza 2010, zina mabehewa manane yaliyo wazi mwanzo hadi mwisho na kiyoyozi, lakini nafasi nyingi ni za kusimama. Reli kubwa ya Great Central kaskazini mwa Aylesbury ilifungwa sehemu kubwa mwaka 1966, kwa hiyo njia ya Manchester imebaki na mkia wake wa kusini tu.

Basi ukipanda leo Aldgate, hivi ndivyo unavyokwenda. Vituo tisa vya mwanzo, mpaka Baker Street, viko chini ya usawa wa barabara. Ni 9 kati ya 34, ndiyo maana jina la treni ya chini ya ardhi haliikai vizuri laini hii. Kisha handaki la 1868, kisha mwanga wa Finchley Road, na hapo unaona Jubilee na treni za Marylebone zikikimbia sambamba nawe. Wembley Park, Preston Road, Northwick Park, Harrow-on-the-Hill. Hapo tawi la Uxbridge linakata kushoto, likikutana na laini ya Piccadilly Rayners Lane. Njia kuu inakwenda Pinner, Northwood na Moor Park, tawi la Watford linatoka, kisha Rickmansworth, na milima ya Chiltern inaanza kupanda mpaka Amersham, kituo kilicho juu kuliko vyote vya mtandao huo kutoka usawa wa bahari, mita 147 hivi. Kutoka Chalfont & Latimer njia moja peke yake inashuka bondeni kilomita 6 na zaidi kwenda Chesham bila kituo katikati, umbali mrefu kuliko wowote kati ya vituo viwili vya treni hizi. Kuanzia Harrow hadi Amersham treni za Marylebone zinatumia njia hizohizo.

Sasa jioni yako. Hakuna laini nyingine ya mtandao huo yenye treni za haraka zinazoruka vituo kwa mtindo huu. Zinakwenda kuingia mjini asubuhi na kutoka mjini jioni, siku za kazi. Jioni, treni ya haraka ikishatoka Finchley Road haisimami mpaka Harrow, na Harrow ndiko ulikoshushwa. Huo ni urithi wa reli iliyotaka kwenda mbali, ukiungana na hesabu ya Selbie kwamba mtu wa Rickmansworth hatanunua nyumba kama atasimamishwa kila baada ya dakika mbili. Kwa hiyo jioni soma ubao wa jukwaani kabla milango haijafungwa. Ukiona ni ya haraka au ya nusu-haraka, iache iende zake. Chukua inayosimama kila kituo, au teremka upande wa Jubilee: hiyo ina vituo vingi zaidi njiani, lakini Wembley Park haijawahi kuiruka.